Triza wa Bawa la Kushoto

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Barua imefika. Karani wa nyumba za baraza la jiji, Bwana Nyamai, ameileta kwa mkono wake mwenyewe, tai shingoni. Inasema "kitu kilichoko nyuma ya nyumba" kiondolewe kabla ya Jumatatu, tarehe 4 Septemba, la sivyo kitapewa watu wa vyuma chakavu.

Kitu! Ni ndege, bwana. Ya viti viwili, ya mbao na kitambaa, ya mwaka 1946. Hakuna nyingine Kaloleni nzima. Nilikuwa mweka stoo wa karakana ya ndege kwa miaka kumi na tisa. Karakana ilipofungwa, kila mfanyakazi aliulizwa angependa kuondoka na nini. Wengine walichukua meza, wengine ngazi. Mimi nilichukua ndege. Mke wangu Lenah, mama wa binti yetu Nafula, alikuwa amenituma kabati.

Nakubali ina upungufu. Propela ilivunjika, mabawa tumeyalaza kwenye ukumbi wa jamii, na kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha rubani. Lakini leo nimesoma gazeti: klabu ya marubani inaandaa mashindano ya ndege za zamani zilizokarabatiwa, Jumamosi 2 Septemba. Si lazima iruke. Jaji anakagua tu. Zitakazosifiwa zitawekwa ndani ya banda la klabu, daima.

Wiki nne. Sijui kuchonga wala kushona. Lakini nina akili.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimekwenda Umoja kwa Ngui, anayechonga twiga wa kuuzia watalii. Nilimweleza kwamba propela ni twiga aliyelala. Kisha akauliza ni mti gani, imegundishwa kwa gundi gani, na kwa nini imejipinda hivyo. Nilimjibu imejipinda kwa sababu ya uzee. Akasema atakuja kuiona, kwa sababu hajawahi kusikia mti ukizeeka sawasawa pande zote mbili.

Kwa Lenah nilitumia njia nyingine. Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimwambia bawa ni pazia kubwa tu. Akaenda ukumbini na futi yake ya kupimia. Aliporudi alisema pazia halina mbavu. Tena aliuliza kwa nini uzi unatoka upande wa juu, unapenya bawa zima, unatokea chini na kurudi. Nikasema ni urembo.

Amesema mimi huuliza watu maswali halafu nikajijibu mwenyewe, na wao wakiniuliza pia najibu bila kujua. Sijaona tatizo liko wapi.

Jumatano, 9 Agosti

Siku ya upelelezi! Kweyu, aliyekuwa msimamizi wetu karakana, naye anashindana. Anaishi Fedha na ndege yake iko uani. Nilivaa koti la kijivu, nikashika daftari, nikabisha mlangoni kama msoma mita za maji.

Kweyu alifungua na kusema karibu, Wekulo, koti limekupendeza.

Akanipa chai. Akanionyesha kila kitu! Injini, magurudumu, hata kitabu cha kiwandani chenye michoro. Akanipa sindano ndefu ya kushonea bawa, urefu wa mkono kutoka kiwiko, akasema yeye amemaliza nayo. Mwishowe akanipa ushauri: jaji ni Bwana Gedi, fundi mstaafu, macho kama ya paka. Mweleze wazi kipi ni cha zamani na kipi ni kipya. Kipya kilichofanywa vizuri kina pointi zake.

Nimetafakari njia nzima. Mtu hawezi kumsaidia mshindani wake bure. Kwa hiyo ushauri ule ni mtego. Nitafanya kinyume chake.

Sindano nimeichukua.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya ibada tumevua kitambaa cha zamani kwenye bawa la kushoto. Kilikuwa kikavu kama ganda la kitunguu. Ndani, hewa ya miaka mingi ikatoka: gundi, vumbi, na harufu kama rangi ya kucha. Ngui alifumba macho akavuta pumzi. Alisema mbao nzuri hivyo haifai kufichwa.

Halafu Lenah akatuita. Kwenye boriti kuu, ile inayobeba bawa zima, kuna kiraka cha mbao changa zaidi, urefu wa shubiri mbili. Na pembeni yake mtu ameandika kwa penseli nene, herufi kubwa:

TRIZA.

Nani aliandika? Mahali hapo hapaonekani hadi kitambaa kivuliwe. Aliyeandika alijua hakuna atakayesoma! Sasa kwa nini mtu aandike kitu kisisomwe? Nimekaa ukumbini hadi mhudumu akaja na funguo kufunga.

Jumanne, 15 Agosti

Kaloleni yote inajadili Triza. Muuza mboga anaamini alikuwa mchumba wa fundi. Bwana wa mkaa anasema hilo ni jina la dawa ya mchwa. Kwaya, ambayo hufanya mazoezi ukumbini katikati ya mabawa yangu, imegawanyika: sauti ya kwanza wanaamini ni mapenzi, besi wanaamini ni kifo.

Mimi nina hakika alikuwa rubani. Nimeliona jambo lote akilini. Miwani mikubwa, skafu nyeupe.

Lenah aliandika jina kwenye karatasi akalitia katika Biblia yake.

Jumamosi, 19 Agosti

Lenah amempata Triza. Aliuliza tu akina mama wa kanisa. Siku nne!

Ni Triza Ayuma, umri wa miaka sitini na sita, anaishi Umoja na binti yake Roseline. Mama mfupi, mkimya, mkoba mweusi. Aliingia ukumbini, akaona bawa, akavua viatu. Sijui kwa nini alivua viatu. Alipitisha kidole kwenye kiraka, kisha kwenye jina, kisha akaketi kwenye benchi la kwaya.

Hakuwa rubani! Alikuwa mshonaji. Miaka kumi na moja akishona vitambaa vya mabawa, wakati bado tunatawaliwa. Nilificha huzuni yangu. Nikamuuliza jina liliandikwa na nani. Alipumua, akaanza kusema kwamba kulikuwa na asubuhi moja ya mvua… lakini nilikuwa na haraka, Ngui alikuwa ananisubiri na gundi inakauka. Nilimwambia nadhani ni mafundi walimtania, akasema basi, Baba Nafula, kama unajua.

Nimewaacha yeye na Lenah wakishona. Mmoja upande huu wa bawa, mwingine upande ule, wanapitishiana ile sindano ndefu. Inaingia kwa Lenah, inatokea kwa Triza. Kila vidole vinne, fundo. Hawaonani, wanaongea kupitia kitambaa. Nilisimama mlangoni kusikiliza. Wakanyamaza.

Uzi si urembo, kumbe. Ndege ikiruka, upepo hunyonya kitambaa kitoke kwenye mbavu. Mafundo ndiyo hukizuia. Triza alimweleza Lenah, Lenah akanieleza mimi, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 23 Agosti

Propela ya Ngui imefika! Mbao sita zimegundishwa pamoja, imejipinda kama mtu anayegeuka kutazama nyuma. Ngui ameichonga kwa siku kumi na tano. Nilipomsifu aliuliza kama sasa naelewa kwa nini inajipinda. Nikasema sana.

Injini tulikuwa tumeisafisha na fundi wa matrekta. Nikaamua kuijaribu saa nne asubuhi. Mkia tuliufunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Katika kuwaza sana, sikuwaza kwamba nguzo ina nguo.

Iliwaka mara ya tatu. Mungu wangu! Kanzu ishirini na mbili za kwaya zilipaa kwa pamoja kama malaika wenye haraka. Kuku walitoka kwenye kiti cha rubani na hawajaonekana tena. Bwana Nyamai alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na faili lake kunikumbusha tarehe 4. Faili lilibaki mkononi. Karatasi zilikwenda kituo cha reli.

Nguzo ikang'oka. Ndege ikasogea hatua saba ikiburuta kamba, nguzo na suruali yangu ya Jumapili, kisha Ngui akazima.

Watu wakaanza kupiga makofi. Hata Bwana Nyamai, kabla ya kukumbuka yeye ni nani. Aliuliza, polepole, kama kweli hiki kitu kiliwahi kwenda juu. Nikamwambia mara elfu. Alikaa akikitazama. Kisha akasema tarehe 4 ni ile ile.

Jumanne, 29 Agosti

Siku za mbinu za mwisho. Jaji anapenda vitu vya asili, kila mtu anajua. Kwa hiyo:

Kwanza, kile kiraka kwenye boriti. Aibu! Kinaonyesha ndege yangu iliwahi kuvunjika. Kuna kidirisha kidogo cha ukaguzi chini ya bawa, jaji anaweza kuchungulia. Nimeingiza mkono na kukipaka kiraka lipu ya mbao, kisha rangi. Hakionekani. Jina nimeliacha.

Pili, propela. Inang'aa upya mno. Nimechemsha majani ya chai sufuria nzima, nikaipaka mara nne, juu yake rangi ya viatu ya kahawia. Sasa inaonekana ya mwaka 1946, hata 1936. Nilikuwa nimesimama nyuma kuifurahia Ngui alipoingia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza kama ningependa yeye anipake mimi chai na kuwaambia watu ni babu yangu. Akachukua patasi zake akaondoka.

Lenah amesema nikamwombe msamaha. Nitaenda tukishinda.

Ijumaa, 1 Septemba

Tumepeleka ndege uwanjani kwa lori la simenti, mabawa yakifuata kwa lori la pili. Ngui hakuja. Fundi wa matrekta amesaidia kuyafunga mabawa.

Nimeandika kadi ya historia, kwa mwandiko wangu bora, kuweka mbele ya ndege: "Hii ndiyo ndege ya Rubani Triza, mwanamke shujaa aliyepeleka barua hadi Kisumu peke yake katika dhoruba. Sehemu zote ni za asili. Kitambaa ni cha asili. Propela ni ya asili. Imekarabatiwa na E. Wekulo."

Mshonaji hampi jaji msisimko. Dhoruba inampa.

Triza halisi ana mkutano wa akina mama wa kanisa kesho. Nimeuliza mara mbili.

Jumamosi, 2 Septemba

Ndege kumi na moja kwenye majani. Ya Kweyu namba nne, ya bluu, safi kama yai. Yangu namba saba. Watu walikuwa wakisimama kwa yangu zaidi! Wanasoma kadi, wanatikisa kichwa, wanatazama mbinguni.

Bwana Gedi alifika saa tano. Mrefu, mkongojo, tochi ndogo na kioo cha daktari wa meno. Alisoma kadi taratibu, mara mbili.

"Huyu Rubani Triza," akaniuliza, "yuko hai?"

Nikavua kofia. Nikamwambia aliaga dunia zamani, Mungu amrehemu.

"Nilikufa lini, Baba Nafula?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mkoba mweusi. Pembeni yake Lenah, na pembeni ya Lenah, Ngui, mikono amekunja. Mkutano wa akina mama ulikuwa umeahirishwa. Walikuja wote, akina mama kumi na wanne, kwa vitambaa vya kichwa vya sare.

Nilijaribu kusema kuna Triza wawili. Hakuna aliyenisikiliza.

"Wewe ulirusha hii, mama?" jaji akauliza.

"Sijarusha hata kiti. Nilikuwa mshonaji. Bawa hili nilishona mara ya kwanza mwaka hamsini na tatu. Mara ya pili, mwezi uliopita, na Lenah."

Bwana Gedi akawasha tochi, akaingiza kioo kwenye kidirisha. Akakaa humo muda mrefu. Kisha akaingiza mkono na nikasikia ukucha wake ukikwangua.

"Nani amepaka lipu hapa?"

Nilitazama juu, kama mtu anayetafuta mvua.

"Hapo pana kiraka," alisema Triza. "Ndiyo maana jina langu liko hapo."

Na akaeleza. Ile asubuhi ya mvua! Ndege ilikuwa iruke saa mbili, abiria tayari. Yeye alikuwa amepewa kazi ya kukaza uzi mmoja tu karibu na mzizi wa bawa. Alipogusa, kitambaa kililegea mahali ambapo hakikupaswa kulegea. Alimwambia msimamizi kuna kitu kimevunjika ndani. Msimamizi, mzungu mwekundu, akamwambia mshonaji anajua uzi, asimfundishe boriti. Akaamuru ndege itolewe nje.

"Ukafanya nini?" jaji akauliza.

"Nilikuwa na mkasi. Nikakata kitambaa. Kuanzia hapa mpaka pale. Haingeweza kwenda popote."

Akafukuzwa palepale. Lakini bawa likiwa wazi, kila mtu aliona: boriti ilikuwa imepasuka, imebaki unene wa kidole. Mafundi walipoweka kiraka waliandika jina lake pembeni, kisha wakalifunika kwa kitambaa, ili msimamizi asilione na ndege isiruke bila hilo jina. Rafiki yake mmoja alimwambia miaka mingi baadaye. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona hadi siku ile ukumbini.

Kweyu alikuwa amevua kofia. Bwana Gedi aliuliza kama anaweza kumshika mkono, akamshika kwa mikono yake miwili.

Halafu akageukia propela. Akalowesha kidole, akasugua, akanusa.

"Majani ya chai," alisema. "Nani alichonga?"

Ngui akasema, "Mimi."

Jaji akapitisha kiganja kwenye ubao kuanzia kati hadi ncha. Akauliza alisawazishaje pande mbili. Ngui akasema aliitundika kwenye msumari, akapunguza kwa karatasi ya msasa hadi upande wowote ukakataa kushuka. Wakaongea dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Matokeo: Kweyu wa kwanza. Sisi wa pili, na tuzo ya kazi bora ya mikono kwa Triza Ayuma, Lenah na Ngui. Bwana Gedi aliniambia pembeni kwamba kadi ingesema ukweli tungekuwa wa kwanza bila ubishi. Alisema amekuwa jaji miaka tisa na hajawahi kukutana na mtu aliyeficha hadithi bora nyuma ya hadithi mbovu.

Ndege itakaa ndani ya banda la klabu. Bwana Nyamai, aliyekuja kwa baiskeli "kuhakikisha", ameandika kwenye faili jipya: kimeondolewa.

Nilimwomba Ngui msamaha nyuma ya lori. Alisema sawa. Kisha akasema nisirudie kugusa sufuria nikiwa na wazo.

Jumapili, 3 Septemba

Klabu imemrusha Triza! Miaka kumi na moja ya kushona mabawa na hakuwahi kupanda. Walimpandisha kwenye ndege ya Kweyu na rubani wa klabu. Alishika mkoba mapajani kama mtu anayekwenda benki. Ikakimbia, ikainuka, ikageukia Embakasi ikawa nukta. Lenah alilia. Mimi nilikuwa na mchanga jichoni, macho yote mawili.

Aliposhuka nilimkimbilia. Aliona Kaloleni? Ni kweli paa za Umoja zinaonekana kama viberiti? Mimi nadhani ukumbi kutoka juu unafanana na pasi, halafu reli… Lenah akanikanyaga mguu. Kwa nguvu.

Nikanyamaza. Karibu dakika nzima.

Triza akasema hakuona nyumba hata moja. Muda wote alikuwa akitazama bawa. Alitaka kujua kitambaa kinafanya nini kikiwa huko.

"Kinafanya nini?" nikauliza, na nikasubiri.

"Kinapumua," alisema. "Kinainuka kati ya mbavu, kidogo, kama kifua cha mtoto aliyelala. Na mafundo yanakishika."

Nimeandika hapa ili nisisahau. Ni jambo zuri kuliko dhoruba.

Alhamisi, 14 Septemba

Mtu mpya kabisa! Siku kumi na moja za kutafakari zimenifunza mengi. Makosa ya awali yote nimeyaelewa: niliandika kadi fupi mno.

Leo, nyuma ya soko kule Umoja, nimeona gari la zamani la kushindilia barabara. La mvuke! Gurudumu la chuma refu kuliko mimi, nyasi zinaota kwenye bomba la moshi. Na mwezi wa kumi na moja kuna maonyesho ya mashine za zamani. Nimeshapata wazo.

Kadi iko tayari, kurasa tatu. Ndilo lililoshindilia barabara ya kwanza kabisa kutoka Nairobi hadi Mombasa, likiendeshwa na dereva mmoja, usiku na mchana, katikati ya simba. Sehemu zote ni za asili. Dereva nimeandika kwamba aliliwa karibu na Voi, kwa hiyo safari hii hakuna wa kutokea nyuma yangu.

Nilimuuliza mlinzi wa pale, mzee Hashi, limetoka wapi. Akaanza kunieleza, jambo refu, alikuwa anaonyesha usukani, anaonyesha kovu mkononi, akasema kitu kama miaka kumi na minne aliliendesha yeye mwenyewe. Sikuweza kungoja amalize. Nilikuwa na kazi ya kuandika.